Nilivyokisugua chetezo cha Kichina cha mama yake Madam mpaka kikapotea machoni mwake

Wakuu, nawasalimu nyote, mlio kazini mnasoma kwa kujificha na mlio majumbani mmejilaza.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka mitatu nawasoma, nacheka peke yangu jikoni, sijawahi kuandika hata mstari. Leo nimeamua. Nitakayosema yamenitokea mimi, kwa mikono yangu hii hii, na wallahi sijaongeza chumvi. Atakayesema ni chai, ajimiminie anywe, mimi sibembelezi mtu.

Picha sina, msiniulize.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mtoto wa Kibokoni, mama wa binti mmoja anayeitwa Rukia. Nilikwenda Saudia kwa agent kama wengi wenu, nikaangukia Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, kule kwenye majumba ya kuta ndefu ambako wiki inakwisha hujaona uso wa jirani. Ndani ya nyumba tulikuwa bosi, Madam, mimi, na dereva Mkenya mwenzangu anaitwa Mutua, Mkamba wa Kitui, mtu mzima, Mkristo, mcheshi kupita kiasi. Yeye akiniita Mama Rukia.

Niseme ukweli, sikuteswa. Najua humu mnapenda nyuzi za mateso, na mateso yapo, nimeyasikia kwa wenzangu. Madam wangu alikuwa mtu wa maneno machache tu. Yupo, lakini kama hayupo.

Na nyumba yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Adhuhuri ikipita, mapazia mazito yameshushwa kwa ajili ya jua, AC inanguruma pole pole, harufu ya udi wa jana imelala kwenye mazulia, unatembea humo ndani hujui uko macho ama unaota. Kuna siku nilijikuta nimesimama katikati ya ukumbi na kitambaa mkononi, sikumbuki nilikuwa nafuta nini. Nikacheka, nikaenda zangu jikoni.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa moyoni mwangu.

Rukia alikuwa ameposwa. Arusi imepangwa Mfungo Mosi, siku chache baada ya Idd. Contract yangu ilikuwa imekwisha na kupitiliza, na Madam alikuwa ameniahidi: mwisho wa Ramadhani nakutolea ruhusa ya kutoka, nenda kamuoze mwanao, kisha urudi. Msiojua Saudia, eleweni hivi: kwa hali yangu, bila kafili, yaani mwajiri wako, kukutolea ruhusa ile, huendi kokote. Utakaa na sanduku lako limefungwa mpaka litie vumbi.

Mimi sikuwa na ombi jingine duniani. Babake Rukia alishatangulia mbele ya haki. Nisipokuwapo mimi, nani atampaka mwanangu singo, yale manukato ya bibi arusi? Shangazi? Shangazi yake nikiwaeleza hapa tutakesha.

Basi.

Ukumbini kulikuwa na kabati la vioo. Ndani mna vikombe vya kioo, saa kubwa ya mezani, na chini kabisa mna chetezo cha kufukizia udi. Kizito hicho, tumbo pana, miguu mitatu mifupi, masikio mawili. Na cheusi tii, utadhani kimetolewa chini ya chungu cha pilau ya arusi.

Sisi watu wa pwani mwatujua. Chetezo ni heshima ya nyumba. Kwetu Ramadhani ikifika katikati, shaba zote zinashushwa: sinia, mrashi, chetezo. Mamangu alikuwa akitukalisha uani na ndimu na majivu, tunasugua mpaka ujione meno. Mgeni wa Idd akiingia akakuta shaba imefanya weusi, hiyo ni aibu ya mwaka mzima, na majirani hawatasahau. Ndivyo nilivyolelewa. Na kusugua nasugua, mpinzani sijampata bado.

Kwa hivyo kila nikikiona kile chetezo, roho yaniuma. Watu wana magari manne, chetezo hakijaguswa!

Siku hiyo, Ramadhani imefika katikati, Madam ametoka kwenda kwa dada yake. Mlangoni akaniambia maneno mawili tu, nisafishe kabati. Nikajiambia, leo nitamfurahisha mwanamke wa watu. Akirudi atakuta kitu.

Jamani mimi.

Nilikaa chini jikoni, miguu nimeinyoosha. Nina ndimu zangu, nina majivu ya mkaa wa udi niliyoyachekecha, nina steel wool mpya. Nikaanza kwenye tumbo.

Weusi ukaanza kulegea. Halafu nikaona mstari mweupe. Nikashtuka, nikadhani nimekikwaruza. Nikafuta kwa kidole, mstari upo. Nikasugua kando yake, mstari ukaendelea, ukajikunja, ukageuka wingu.

Ilikuwa fedha, wakuu. Waya mwembamba wa fedha umezamishwa ndani ya shaba, sawa sawa na uso wake, ukipitisha ukucha haukwami. Nikaufuata. Kutoka kwenye wingu ukaingia kwenye mmea unaotambaa, ukatoa jani, ukatoa ua, ukatoa jani lingine. Nikageuza chetezo, nikakuta herufi za Kiarabu, lakini mkono wa aliyeandika si wa Kiarabu, mikia ya herufi imepeperuka kama inapigwa na upepo. Alhamdulillah. Chini ya kitako, herufi nne za Kichina.

Sijui nilikaa muda gani. Mwanga wa dirisha la jikoni ulikuwa umelala sakafuni, nami nimo ndani yake, na kile kitu kinafunguka mikononi mwangu kidogo kidogo. Ikaadhiniwa alasiri, nikaswali, nikarudi mbio. Nilikuwa nimesahau kwamba nimefunga, nimesahau Riyadh, nimesahau hata arusi. Fedha nyeupe juu ya shaba nyeusi, inang'aa kama imechorwa asubuhi ile. Sijawahi kushika kitu kizuri vile, na sidhani nitashika tena.

Ningeachia pale, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Lakini mimi ni mtu wa masufuria. Ule weusi uliobaki kati ya michoro niliuona uchafu. Nikasema, kazi haiishii nusu. Nikakata ndimu nyingine, nikaongeza majivu, nikasugua mpaka mabega yanawaka moto. Weusi wote ukatoka. Shaba ikawa ya manjano, inametameta.

Nikakipeleka kwenye mwanga nikitazame.

Michoro haipo. Ipo, lakini haipo. Shaba inang'aa na fedha inang'aa, vyote vinakumulika usoni, jicho halishiki kitu. Nikadhani ni macho yangu yamechoka na saumu. Nikakiweka katikati ya meza ya ukumbini, chini yake kitambaa cheupe, nikasubiri sifa zangu.

Madam aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikuja akakishika, akakigeuza, akakaa kwenye ngazi na abaya yake, akakipakata.

Nilimuuliza kama nimekosea. Akanieleza pole pole, kwa Kiarabu chepesi ili nielewe.

Kile chetezo si chake. Ni cha mama yake, aliyeko Jeddah, na alikuwa amekileta Riyadh kukitunza tu wakati nyumba ya mama ikikarabatiwa. Zamani babu wa mama yake alikuwa akipokea mahujaji nyumbani kwake Jeddah. Mwaka mmoja akaja haji wa Kichina akaugua, akalala kwao miezi, wakamuuguza mpaka akapona. Alipoondoka akawaachia kile chetezo. Kilikuwa kizee tangu siku hiyo. Na ule weusi haukuwa uchafu. Fundi aliyekitengeneza alikitia weusi kwa makusudi, ili fedha yake ionekane.

Halafu akanimaliza. Mama yake macho yanakwenda. Nyuso hazioni tena, maandishi haoni. Lakini ile michoro myeupe juu ya weusi alikuwa bado anaiona, akikishika karibu na dirisha. Kila akipiga simu anauliza, chetezo changu kinarudi lini?

"Kumi la mwisho tunakwenda Jeddah," Madam akasema. "Utamwambia wewe mwenyewe. Akikusamehe, unasafiri kwenu. Asipokusamehe, mafi safari, hakuna kwenda."

Akainuka, akapanda juu. Mimi nikabaki pale nikitazama kitambaa changu cheupe.

Nililia, sitaki kuwadanganya. Sikulilia chetezo, nilimlilia Rukia. Nilimuona kakaa kwenye mkeka wa singo, kila mtu yupo ila mimi.

Kumi la mwisho la Ramadhani likafika. Bosi na Madam wakaruka kwa ndege, mimi na Mutua tukatumwa kwa gari na mizigo. Chetezo nikakifunga kwa leso yangu nikakiweka mapajani, kiti cha nyuma.

Tulitoka Riyadh baada ya alfajiri. Jangwa lile mnalijua mliopita: saa moja, saa mbili, saa tatu, hakuna kinachobadilika ila rangi ya mchanga. Mutua hafungi lakini kwa heshima yangu hakunywa hata maji mbele yangu, akawa anavumilia tu. Huyo ndiye Mutua. Mdomo mrefu, roho safi.

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akapiga usukani.

"Mama Rukia, hiyo ni kitu kidogo sana. Si ni rangi tu imetoka? Paka kiwi nyeusi, itoke fiti."

Nikamtukana. Kiwi ya viatu! Kwenye kitu kimeandikwa sifa za Mwenyezi Mungu! Akacheka. Kilomita zikapita. Nikafungua leso, nikakitazama, nikakifunga. Nikakifungua tena.

Kwenye kituo cha mafuta nikamwambia Mutua, haya, nunua.

Msinihukumu kwanza, nisomeni.

Nilipaka kiwi chetezo kizima, kikawa cheusi. Kisha nikachukua njiti ya kiberiti, nikaizungushia pamba, nikaanza kuutafuta waya wa fedha na kuufuta weusi juu yake. Mstari mmoja mmoja. Kwa sababu nilikuwa nimeusugua, vidole vyangu viliijua njia. Hapa wingu, hapa jani, hapa ua. Gari linateleza, nje kumekuwa kweupe kote, Mutua anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, na mimi nimeinama nafuata fedha ya fundi wa China aliyekufa zamani. Nilihesabu maua. Kumi na mawili. Kumi na moja yamechanua, moja bado tumba, limejificha nyuma ya sikio la kushoto. Nikawaza, huyu fundi alilificha makusudi au alichoka?

Tulipoanza kuteremka milima ya Taif, nilikuwa nimemaliza. Wakuu, kilikuwa kizuri. Mutua alisimamisha gari kando, akakitazama, akavua kofia.

Nyumba ya mama yake Madam iko Ruwais, karibu na bahari, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili, ngazi zimekaa upande. Kulia kwake mafundi wa magari, kushoto mafundi wa friji, na yeye hataki kuhama. Watu wote humo ndani walimwita Sitti, ndivyo wanavyoita bibi kule Hijazi. Kadogo, mweupe wa nywele, mtandio kichwani mweupe, anakaa chini kwenye godoro la dirishani kutwa nzima akisikiliza mtaa.

Nilipompa chetezo alikikumbatia kwanza. Akakinusa. Kisha akakisogeza karibu na dirisha, karibu na jicho la kulia.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Naapa nilikuwa nimeufungua.

"Haya hapa," akasema. "Yale mawingu yangu." Akaanza kulia huku anacheka, akinishika mkono, akiniombea dua kwa kukifikisha salama.

Ningesema nini? Madam alikuwa nyuma yake, kanikodolea macho. Hakuelewa. Baadaye akanivuta ukumbini, nikamwambia. Alikuwa amegusa, kidole kimemtoka cheusi. Akakinusa, akafumba macho.

Halafu akasema, usimwambie. Mwache afurahi Idd hii. Halas, yamekwisha, ruhusa yako inatoka.

Na kweli ikatoka. Jioni hiyo hiyo bosi alibonyeza simu yake, kisha wakakata tiketi. Ramadhani ishirini na nane, Jeddah kwenda Mombasa kupitia Nairobi. Nikampigia Rukia video call, tukapiga vigelegele mimi na yeye mpaka Mutua akaja kuuliza kuna nini.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu. Jeddah si Riyadh, hewa ya bahari inakulainisha, kila kitu kinatoka jasho, hata kuta. Sitti kutwa amekipakata chetezo, anakipapasa, ananisimulia habari za mahujaji waliolala chumba kile, mikeka ilivyotandikwa mpaka kwenye ngazi. Kiarabu chake nilikuwa nakishika nusu, nusu naijaza mwenyewe. Nilimpenda yule bibi. Sikupanga kumpenda.

Lakini kiwi haikai. Kila adhuhuri akilala, mtandio wake mweupe una alama za vidole vyeusi, shavu lina doa jeusi. Mimi namfuta shavu taratibu kwa kitambaa cha maji asiamke. Nafua mtandio. Nachukua chetezo, napaka upya, nashika njiti yangu na pamba, nafuata mistari. Anapoamka kila kitu kiko sawa.

Siku tano nilifanya hivyo. Siku tano namwibia mtu mwenye saumu.

Ramadhani ishirini na sita wakaja majirani zake wawili wanawake. Nikiwa napita nikamsikia anawaambia: asubuhi ya Idd njooni wote, nitatia udi kwenye chetezo cha babu, tufukize nyumba kama zamani.

Kumbe mimi na Madam tulisahau kazi ya chetezo ni nini.

Nilikwenda jikoni nikapaka kiwi nyuma ya kijiko, nikakiweka juu ya kaa la moto. Wakuu, ule moshi! Mpira wa gari ukiungua una nafuu. Nikauona ukumbi wa Sitti umejaa wageni na nguo zao za Idd, na yeye katikati, moshi wa viatu unamfuka usoni kutoka kwenye sifa za Mwenyezi Mungu.

Na mimi wakati huo? Mimi nitakuwa Mombasa. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Mimi singeonekana. Nitakuwa kwetu nachanganya liwa na mawaridi ya singo, simu nimezima. Ruhusa ninayo, tiketi ninayo. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza siku mbili. Na nikisema, Madam aliniambia nisiseme, na ruhusa iliyotoka kwa simu, kwa simu hufutwa.

Nilikaa nayo usiku na mchana wake. Kesho yake, ishirini na saba, alasiri, nikaenda nikakaa mbele ya godoro.

"Sitti, mimi nimekuharibia kitu chako."

Nikamwambia yote. Ndimu, majivu, steel wool, kiwi, njiti, doa la shavuni. Kiarabu changu cha jikoni kikaniishia katikati, nikamalizia kwa Kiswahili na mikono. Alielewa. Aliacha kupapasa. Akakiweka chetezo chini, mbali na yeye kidogo, na hilo liliniuma kuliko tusi lolote.

Nje fundi alikuwa anagonga bati. Kisha akasema, leta maji ya moto na sabuni, kioshe hapa hapa nikusikie.

Nikaosha. Maji yakawa meusi kama wino. Nikakikausha, nikampa, cha manjano, kinameta. Akakipeleka dirishani. Akakigeuza huku, akakigeuza kule. Akakisogeza mpaka kikagusa kope.

"Hamna kitu," akasema. "Sioni kitu."

Hapo nikainua macho nikamuona Madam mlangoni. Sijui alikuwa kasimama pale tangu lini. Nikajua basi, safari imekufa. Nikamuaga Rukia kimoyomoyo.

Na kwa sababu sikuwa na la kufanya tena, nikamshika Sitti kidole. Kidole cha shahada, cha mkono wa kulia. Nikakiweka kwenye tumbo la chetezo.

"Hapa pana wingu," nikamwambia. "Linajikunja hivi. Sasa linakuwa mmea. Jani. Jani lingine. Hapa ua la kwanza."

Waya haukwami kwenye kidole, nilishawaambia, hakuna cha kupapasa. Lakini mimi njia naijua. Nilikuwa naisukuma ncha ya kidole chake polepole, na yeye akaanza kunifuata, kisha akaanza kusema kabla yangu, mdomo wake unacheza. Tulipofika kwenye maandishi akayasoma kwa sauti, alif, lam, ha, mim, herufi moja moja, mkono wangu juu ya mkono wake. Kisha nikampitisha nyuma ya sikio la kushoto.

"Na hili bado tumba, Sitti. Halijafunguka."

Akasita. "Wapi?"

Nikamwonyesha tena. Akaniambia hajawahi kulijua. Miaka yote hiyo, tangu mtoto, hajajua kwamba pana tumba pale. Akacheka, kicheko kidogo cha kushangaa.

"Tena," akasema. "Tuanze mwanzo."

Tukazunguka tena. Na mara ya tatu. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka kwenye magoti yetu na shaba ilikuwa inamulika dari. Sijui kama alinisamehe, hakulitamka neno hilo. Alisema tu, kesho utanionyesha tena, wakati kama huu.

"Sitti, kesho nasafiri," nikasema. "Kama Madam ataniruhusu. Naenda kumuoza mwanangu."

Akageuza uso kule mlangoni, kumbe alijua mtu yupo.

"Basi nani atanionyesha?"

Madam alivua viatu, akaja akakaa chini pamoja nasi, mwanamke ambaye sijawahi kumuona akikaa chini. Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya mkono wa mama yake, na wangu juu ya wake, mikono mitatu, tukaanza kwenye wingu. Madam alikosea njia kwenye jani la pili nikamrudisha. Kwenye ua la nne akawa anakwenda mwenyewe.

Nikautoa mkono wangu. Hakuna aliyegundua.

Asubuhi Madam alinipa passport yangu na shali mpya ya hariri ya Rukia. Mutua akanipeleka uwanjani. Arusi imefanyika, alhamdulillah, singo nimempaka mwenyewe. Nikimpaka, vidole vilikuwa vinajiendea tu mgongoni mwake, naye ananiuliza, mama mbona wachora mawingu?

Hiyo ndiyo safari yangu. Kama mnataka funzo, la kwanza ni jepesi: kitu cha watu uliza kabla hujakigusa, hata kama kwenu wewe ndiye bingwa.

La pili lilinigharimu zaidi. Ukimkosea mtu, mwambie wakati bado una kitu cha kupoteza. Mimi nilibakisha siku moja. Ningengoja mpaka niko kwetu, nimeshavua viatu, nikampigia simu nikasema samahani, ile isingekuwa samahani. Ingekuwa kujisafisha tu.

Haya, nimemaliza, mikono imechoka. Nataka niwasikie na nyinyi mliofanya kazi majumbani mwa watu, Ghuba au hapa hapa: ni kitu gani mlikiharibu kwa kutaka kumfurahisha mwenye kitu, na mlisema au mlinyamaza? Mlionyamaza pia andikeni. Sitawacheka.